Waraka kwa Wenye Maduka: Simu ya Kaunta Nayo ni Mlango

KWA: Wanachama wote wa umoja wetu wa wafanyabiashara wadogo, Kariakoo, pamoja na wasaidizi wao
KUTOKA: Katibu
YAH: ULINZI WA SIMU, LAINI NA KOMPYUTA ZA BIASHARA

Ndugu wanachama wenzangu,

Naomba waraka huu usomwe kwa sauti dukani, bosi akiwepo, kijana wa kaunta akiwepo, na dada wa hesabu asiachwe nje. Usiishie kukunjwa na kusukumwa ndani ya droo pamoja na risiti za ushuru.

Kila mmoja wetu anachangia mlinzi wa usiku. Tumeweka mageti ya chuma, makufuli mawili mawili, na wenye uwezo wamefunga kamera. Lakini tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine kufuata, fedha za duka zimekuwa zikitoka kwenye droo kwenda kwenye laini. Mauzo yanaingia kwa lipa namba, madeni tunadaiana WhatsApp, mzigo wa Guangzhou unaagizwa kwa barua pepe na WeChat, bidhaa zinaonyeshwa Instagram. Mwizi naye kazifuata. Haji usiku na mtaimbo. Anapiga simu mchana, foleni ikiwa imejaa, anajitambulisha kwa heshima zote, na anamwomba kijana wako afanye jambo dogo tu, sasa hivi, kabla huduma haijafungwa.

Tukisikia mwenzetu amepigwa mtandaoni huwa tunadhani kuna mtaalamu mkubwa wa kompyuta mahali fulani aliyevunja mitambo. Mara nyingi hakuna kitu kama hicho. Yupo mtu aliyeharakishwa, akaona kuna jambo haliko sawa, akaogopa kuuliza. Na waliomfundisha kuogopa kuuliza ni sisi wenye maduka. Kwa hiyo waraka huu, ingawa unawagusa wasaidizi, unawalenga mabosi kwanza.

Nianze na wizi unaoweza kumaliza mtaji wote kwa siku moja, yaani malipo ya mzigo wa nje. Mchezo wenyewe huchezwa hivi. Mdukuzi anaingia kwenye barua pepe yako au ya msambazaji wako kule China. Hafanyi fujo. Anakaa kimya wiki nzima, pengine mwezi, anasoma. Anajua umeagiza nini, kontena litajaa lini, umetanguliza asilimia 30 na unadaiwa 70 kabla hati ya shehena haijaachiwa. Anajua hata mnavyotaniana. Siku ya kumalizia malipo inapokaribia, inaingia barua yenye nembo ileile na lugha ileile: akaunti yetu ya zamani iko kwenye ukaguzi, tafadhali salio lipeleke kwenye akaunti hii mpya, na harakisha ili mzigo usikose meli. Anwani ya mtumaji imepishana na ile ya kweli kwa herufi moja tu, mathalani r na n zimebanwa pamoja zikaonekana m. Wakati mwingine haijapishana kabisa, kwa sababu anayeandika yuko ndani ya sanduku lenyewe la msambazaji. Unatuma fedha kwa TT, yaani uhamisho wa benki. Wewe unasubiri hati, msambazaji anasubiri fedha, na mnapokuja kupigiana simu kulaumiana, fedha imeshahamishwa akaunti mbili tatu.

Asije mtu akasema hayo huwapata washamba. Kati ya mwaka 2013 na 2015, Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, alisajili kampuni yenye jina sawa na la kiwanda cha Taiwan kinachouza vifaa kwa makampuni makubwa, kisha akawatumia Google na Facebook ankara za uongo. Walilipa. Jumla ilizidi dola milioni 100. Wale wana maghorofa ya wahasibu na wanasheria, na bado waliingizwa mjini kwa karatasi. Yeye alikamatwa, na mwaka 2019 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano, na sehemu kubwa ya fedha ikarudi. Mimi na wewe hatuna jeshi la wanasheria la kuifuata fedha yetu Hong Kong.

Dawa ya wizi huu haiuzwi dukani kwa fundi. Akaunti ya malipo ikibadilika, hailipwi mpaka umesikia kwa mdomo wa mwenyewe, na umpigie wewe kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si kwa namba iliyoandikwa kwenye barua ileile inayokutia shaka. Ukiweza mpigie kwa video umwone uso, kwa sababu siku hizi sauti ya mtu inaweza kuigizwa na kompyuta. Muulize jambo mnalolijua ninyi wawili: mara ya mwisho mlikula wapi, kontena la kwanza lilikuwa la nini. Siku mnapoanza biashara, andikeni kwenye mkataba kwamba mabadiliko ya akaunti hayafanywi kwa barua pepe wala WeChat. Ukiona kampuni mliyozoea kuilipa kwa jina lake sasa inataka fedha iende kwa jina la mtu binafsi, simama hapo hapo.

Penye watu wawili dukani, mmoja aandae malipo na mwingine aidhinishe. Aliye peke yake alale nayo. Hakuna meli iliyowahi kuondoka bila mzigo kwa sababu Mtanzania mmoja alichelewesha TT hadi kesho yake asubuhi, na kama ipo basi tutalizungumza hilo kwenye kikao.

Kuhusu barua pepe yenyewe: washa uthibitisho wa hatua mbili, ili hata mtu akiijua nywila yako asiweze kuingia bila kitu cha pili kilichomo kwenye simu yako. Ukihisi mtu ameingia, usiishie kubadilisha nywila. Fungua mipangilio uangalie kama hajaweka maelekezo ya kupeleka nakala za barua zako kwake. Wengi hubadilisha nywila wakalala usingizi, kumbe barua zote za msambazaji bado zinakwenda kwa mwizi.

Sasa nije kwenye tarakimu sita. WhatsApp ikisajiliwa kwenye simu mpya, hutuma namba ya uthibitisho yenye tarakimu sita kwenye laini ya mwenyewe. Tapeli anaandika namba yako ya simu kwenye simu yake, kisha anakutumia ujumbe kwa jina la mtu unayemjua, ambaye yeye aliibiwa saa moja kabla: "Samahani, nimetuma namba kwako kwa bahati mbaya, nirudishie." Ukimrudishia, WhatsApp yako inakuwa yake. Dakika chache baadaye wateja wako wote, pamoja na kundi letu hili la umoja, wanasoma ujumbe wako kwamba uko hospitali na unahitaji laki tatu. Na kwa kuwa ni wewe, wanatuma.

Kinga yake haichukui dakika mbili. Ingia Mipangilio, kisha Akaunti, kisha uthibitisho wa hatua mbili, weka namba ya siri yako mwenyewe na anwani ya barua pepe ya kukuokoa ukiisahau. Ukiwa bado ndani ya WhatsApp, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mara ngapi tunakwenda steshenari kuchapisha ankara, tunafungua WhatsApp kwenye kompyuta ya pale, tunalipa mia mbili mia mbili za karatasi na kuondoka bila kuifunga? Kompyuta ile inaendelea kusoma mazungumzo yako na wateja wakati wewe uko Mbagala kwenye daladala. Toa kila kifaa usichokitambua.

Namba ya uthibitisho na namba ya siri hazitajwi kwa mtu yeyote. Si kwa mtandao, si kwa benki, si kwa afisa wa kodi, si kwa Katibu wa umoja. Mfanyakazi halisi wa mtandao hana haja nazo. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imekuwa ikieleza mara kwa mara kwamba huduma kwa wateja ya mitandao hupiga kwa namba 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi, hata akikutajia jina lako kamili na salio la jana, mkatie simu, kisha piga 100 mwenyewe uulize. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Ni bure, na namba hiyo ikifungiwa utakuwa umemwokoa jirani.

Kuna namna nyingine ambayo wengi hawaijui. Anayekupigia anakuomba ubonyeze alama na tarakimu fulani, nyota ishirini na moja nyota, kisha namba ya simu, kisha reli, akidai anarekebisha mtandao wako. Hapo umeelekeza simu zako zote zipokewe na yeye, zikiwemo simu za mashine zinazosoma namba ya uthibitisho kwa sauti. Kwenye mitandao mingi ukibonyeza *#21# utaona kama simu zako zimeelekezwa kwingine, na ##002# hufuta maelekezo yote ya namna hiyo. Fanya hivyo leo kwenye simu ya biashara hata kama huna shaka.

Laini nayo ina mambo yake. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, tulidhani hakuna atakayeweza kutumia jina letu. Matapeli wakapata njia: kijana wa mwavuli anakuambia kidole hakijasoma, weka tena, weka na kile kingine. Kidole kilisoma mara ya kwanza. Mara ya pili kinasajili laini nyingine kwa kitambulisho chako, na laini hiyo inauzwa kwa mtu atakayekwenda kutapelia watu kwa jina lako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usiyoitambua nenda nayo kwenye duka la mtandao husika, iondolewe. Na simu ya biashara ikikosa mtandao ghafla wakati za wenzako hapo jirani zinashika, usingoje kuona kama itarudi. Inawezekana namba yako imehamishiwa laini ya mtu mwingine. Azima simu, piga mtandao wako, zuia akaunti.

Haya ya kaunta nitayapitia haraka maana mnayaishi kila siku. Meseji ya malipo aliyonayo mteja kwenye simu yake si malipo. Picha ya skrini si malipo. Jina la mtumaji kwenye meseji linaweza kughushiwa, na zipo programu zinazochora skrini ya "muamala umekamilika" vizuri kuliko ile ya kweli. Malipo ni salio lako limeongezeka, umeliona wewe kwa kufungua menyu. Hapa ndipo mabosi wanapokosea: simu inayopokea meseji za lipa namba iko mfukoni mwa bosi aliyeko Mbezi, kijana yuko kaunta na mteja mwenye haraka, na bosi hapokei simu. Unategemea nini? Ulizeni mitandao yenu na benki zenu jinsi ya kumpa msaidizi uwezo wa kuona malipo yanayoingia bila uwezo wa kutoa hata senti. Palipo na huduma hiyo, ichukueni.

Vibandiko vya lipa namba na vya QR vikaguliwe kila asubuhi wakati wa kufagia. Mtu anaweza kubandika cha kwake juu ya chako, akavuna mauzo yako siku nzima bila kuingia dukani. Njia rahisi ni kumzoesha mteja asome kwa sauti jina linalotokea kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri. Kama jina si la duka, hakuna kulipa. Na yuko mteja anayelipa kwelikweli, anabeba bidhaa, kisha anaupigia mtandao kudai alikosea namba arudishiwe. Risiti ya EFD uliyompa, pamoja na namba ya muamala uliyoiandika kwenye daftari, ndizo zitakazokutetea. Asiyetoa risiti anajikosesha ushahidi, na hapo naacha, mambo mengine ya risiti mnayajua wenyewe.

Wenye uwakala, anayekuja na fulana ya mtandao na kitambulisho shingoni akitaka "kuhakiki" laini ya uwakala, msimkabidhi simu. Wala msimruhusu awaongoze hatua kwa hatua kwenye simu, bonyeza moja, weka hii, weka ile. Mwisho wa hatua hizo floti yote inakuwa imeshahamia kwake. Mpigieni msimamizi wenu mnayemjua kabla hajakaribishwa kiti.

Sasa nirudi kwetu mabosi, na hapa sitaki kupitia haraka.

Duka la watu wanne lina namba ya siri moja, na wote wanne wanaijua. Mara nyingi ni mwaka wa kuzaliwa wa bosi. Nywila ya Instagram imeandikwa nyuma ya kalenda. Barua pepe ya biashara ilifunguliwa na kijana aliyeondoka mwaka juzi, kwa namba yake ya simu, na bado ndiyo yenye kurasa, ndiyo yenye wateja elfu kadhaa waliokusanywa kwa jasho. Siku kijana huyo akikasirika, au akiibiwa yeye, ukurasa wako umekwenda. Fedha ikipotea mnaambiana kikulacho ki nguoni mwako, na macho yote yanamgeukia aliye kaunta. Lakini wanne wanapotumia namba moja huwezi kujua nani alifanya nini. Mwaminifu hana namna ya kujisafisha, na mwizi, kama yupo, amejificha nyuma yake. Ukimpa kila mtu namba yake, umemlinda yule mwema kuliko ulivyomkamata mbaya.

Kwa hiyo fungueni akaunti za biashara kwa laini na barua pepe ya biashara, iliyo kwa jina la mwenye duka. Msaidizi apewe kiasi cha kazi yake tu. Siku anapoondoka, hata mkiagana kwa kukumbatiana, namba za siri zibadilishwe siku hiyo hiyo na vifaa vyake vitolewe kwenye akaunti. Msilione hilo kama tusi. Hata funguo za geti anazirudisha.

Kuhusu nywila, urefu una nguvu kuliko alama za ajabu ajabu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilibadilisha mwongozo wake mwaka 2017 ikaacha kushauri watu walazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda, kwa kuwa walikuwa wanaongeza tarakimu moja mwishoni na kuendelea. Unganisha maneno manne matano yasiyohusiana, yale unayoweza kuyakumbuka na ambayo hakuna anayekufahamu angeyakisia. Ya barua pepe isiwe sawa na ya kitu kingine chochote, maana mwenye barua pepe yako anaweza kufungua vingine vyote.

Jambo linalonikera kuliko yote ni la mishahara. Kuna maduka yenye sheria kwamba fedha ikipotea kwa utapeli, kijana anakatwa mshahara mpaka imalizike. Najua mnaitetea sheria hiyo: mtasema bila adhabu watazembea. Mimi nasema sheria hiyo inamsaidia mwizi. Fedha iliyotumwa kwa tapeli inaweza kuzuiwa ikiwa mtandao utaambiwa mapema, kabla haijatolewa. Kijana anayejua atakatwa mshahara wa miezi minne hatakuambia mapema. Atakaa nayo moyoni mpaka jioni, atajaribu kumbembeleza tapeli kwa simu, atakopa kuziba, na wewe utajua wakati wa kufunga hesabu, fedha ikiwa imeshatolewa kwa wakala wa mji mwingine. Pendekezo langu kwa umoja mzima ni hili: anayetoa taarifa mara tu anapotambua, hakatwi. Anayeficha, huyo tuzungumze naye. Nitalileta kikaoni, na wanaopinga waje na hoja.

Vivyo hivyo kwa swali. Tapeli mmoja hujifanya bosi: namba ngeni, "simu yangu imezima, nipo kikaoni, mtumie huyu laki tano haraka." Kijana anajua anapaswa kuuliza. Lakini juzi alipouliza jambo dogo alifokewa mbele ya wateja. Basi anatuma. Kubalianeni neno moja la duka, linalojulikana kwenu tu na lisiloandikwa popote, ambalo bila kutajwa hakuna fedha inayotoka kwa agizo la simu. Na bosi, siku utakapokuwa kikaoni kweli, na una haraka kweli, na kijana akakudai neno, litaje bila kufoka. Siku hiyo anakulindia mtaji.

Nanyi vijana wa kaunta na dada wa hesabu: mnayo ruhusa ya kukata simu ya mtu yeyote anayesema "usikate". Mnayo ruhusa ya kumwambia mteja asubiri. Linki ya zawadi, linki ya ajira, linki ya mzigo uliokwama posta, hazifunguliwi kwenye simu ya biashara. WhatsApp za kutengeneza mitaani, zile za rangi na madoido, ziondoeni, kwani hazitoki kwa wenye WhatsApp na hamjui zinapeleka wapi mazungumzo ya duka.

Wachache wetu wenye kompyuta, nina mambo mawili matatu kwenu. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, kikadai dola 300 kila moja, na hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Kinga yake Microsoft walikuwa wameitoa Machi, miezi miwili kabla. Kompyuta zilizofungwa zilikuwa hazijasasishwa. Ujumbe unaokuomba usasishe, ule unaouahirisha kila asubuhi, ndio huo. Pia fahamuni kwamba tangu 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa muda. Programu za hesabu zilizovunjwa kufuli, zile tunazouziwa kwenye flashi kwa elfu kumi, mara nyingi zinakuja na mgeni ndani. Na ile nywila ya "admin" iliyokuja na ruta ibadilishwe, wateja wanaotaka waifai wapewe ya kwao.

Moto wa soko kuu la Kariakoo wa Julai 2021 tunaukumbuka sote. Kwa hiyo rekodi za stoo, za madeni na za kodi ziwe na nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje inayochomolewa ikishamaliza kunakili, na moja nje ya duka kabisa. Diski inayobaki imechomekwa muda wote hufungwa na kirusi pamoja na kompyuta. Na mara moja kwa miezi kadhaa jaribu kuirudisha nakala, uone kama inafunguka.

Kingine, nakala za vitambulisho vya wateja tunaowakopesha si mali yetu ya kutupa ovyo wala kurushiana kwenye makundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, ina Tume yake, na inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili. Usikusanye usichokihitaji.

Ukiibiwa, usianze na kulia wala kulaumiana. Kwanza piga mtandao au benki, taja namba ya muamala, omba fedha izuiwe. Pili, ukitumia kifaa kingine, badilisha nywila ya barua pepe. Kisha nenda polisi uchukue RB. Usifute meseji hata moja, hata zile za aibu, kwa sababu kesi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahitaji ushahidi. Toa taarifa kwenye kundi letu ili tapeli asihamie duka la pili. Na umkatae mtu atakayejitokeza siku mbili baadaye akidai ni mdukuzi anayeweza kukurudishia fedha yako kwa malipo kidogo ya kutangulia. Huyo ni mwizi wa pili, na pengine ni yule yule.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, tukutane ofisini kwa umoja na simu zote za biashara. Tutawasha uthibitisho wa hatua mbili simu kwa simu, tutapiga *106# laini kwa laini, na kila duka litaandikisha mtu mmoja atakayesimamia mambo haya. Njooni mabosi pamoja na wasaidizi wenu. Atakayekuja peke yake bila kijana wake wa kaunta nitamrudisha akamfuate.

Wenu katika kazi,
Katibu